Kusoma na Kupanga Parameta za Draivu ya Mota: Mwongozo kwa Mafundi wa Viwanda vya Tanga

Draivu (kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota) ya mkanda uliokuwa ukilisha majani ya mkonge kwenye korona, mashine inayoyachakata kutoa singa, yaani nyuzi, iliungua usiku mmoja wa masika, na kabla ya mapambazuko nilikuwa nimeshafunga nyingine ya ukubwa uleule iliyokuwa stoo. Mota ilizunguka, mkanda ukaenda, nami nikakusanya vifaa vyangu. Haikutimia saa moja korona ikakabwa. Majani yalikuwa yakifika mengi kuliko visu vinavyoweza kuyachakata, singa zikawa zinatoka zikiwa bado zimeshikwa na nyama ya jani, na mzee aliyekuwa akiilisha mashine ile tangu mimi sijajua kushika bisibisi akaniita pembeni. "Mwanangu," akasema, "mkanda huu haukuwa ukienda mbio namna hii." Draivu iliyoungua ilikuwa imewekewa kikomo cha hezi 38, na ile mpya ilikuja na hezi 50 za kiwandani. Aliyeiweka ile 38 alikuwa ameshastaafu, namba yenyewe haikuandikwa popote, na sisi tuliitafuta upya kwa kupandisha na kushusha siku mbili nzima huku majani yakinyauka kwenye matrela.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba kila namba, yaani parameta, iliyohifadhiwa ndani ya draivu ni uamuzi wa mtu fulani aliyesimama mbele ya mashine hiyo akaiangalia ikifanya kazi. Fundi anayefuta namba bila kuisoma anafuta pia kazi ya mwenzake. Ndiyo maana katika mwongozo huu kusoma kunatangulia kupanga, na kuandika kunakwenda sambamba na yote mawili.

Mifano nitakayoitoa ni ya familia tatu za draivu ambazo nimezishika zaidi, yaani ABB ACS550, Siemens MICROMASTER 440 na Danfoss VLT FC 302. Ukiwa na ya aina nyingine, namba za parameta zitakuwa tofauti, lakini utaratibu ni huu huu, na kitabu cha draivu yako ndicho chenye kauli ya mwisho.

Hatua ya kwanza: usalama kabla ya kufungua mlango wa paneli

Draivu hupokea umeme wa volti 400 wa fezi tatu, huugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja (DC) na kuuweka kwenye kapasita, kisha huukatakata tena kuwa umeme wa fezi tatu wenye hezi unazozitaka. Umeme ule wa katikati, kwenye laini ya volti 400, huwa takribani volti 540, na hupanda hadi karibu 565 mzigo unapokuwa mdogo. Ukizima breka kapasita hazizimiki nayo. Zinabaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa, na kioo cha paneli kilichozimika si ushahidi wa lolote.

Zima, funga breka kwa kufuli, weka kibao chenye jina lako, kisha subiri kwa muda ulioandikwa kwenye ubavu wa draivu. Katika draivu nyingi ndogo ni dakika tano, na katika kubwa ni dakika 15 au zaidi. Baada ya kusubiri, pima kwa multimita yenye uwezo wa volti 1000 kati ya terminali mbili za umeme wa mkondo mmoja, na usiguse kitu hadi usome namba iliyo karibu na sifuri. Kusoma na kupanga parameta hufanyika draivu ikiwa na umeme, kwa hiyo hatua hii inakuhusu pale unapokagua nyaya za mota, unapobadilisha muunganisho wa sta au delta (namna mbili za kuunganisha koili za mota), au unaposafisha feni.

Jambo moja zaidi kwa wenye mazoea ya kupima insulesheni ya mota kwa mega: ondoa kwanza nyaya zote tatu za mota kutoka kwenye draivu. Volti za mega zikipelekwa kwenye draivu zinaua vipande vyake vya ndani papo hapo.

Hatua ya pili: soma kibati cha mota

Hapa ndipo mafundi wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo mwendo mzima wa draivu unapojengwa. Draivu haiioni mota. Inaijua kwa namba tano au sita unazoiambia, na ukiidanganya itaamini.

Kwenye viwanda vya pwani kibati mara nyingi kimeliwa na chumvi au kimepakwa rangi pamoja na mota nzima. Usikikwangue kwa msasa, kwa sababu maandishi yaliyogongwa kwa kina kidogo yataondoka pamoja na rangi. Lainisha rangi kwa tina na kitambaa, acha kikauke, kisha sugua chaki nyeupe juu yake na upanguse kwa kiganja. Unga wa chaki utabaki ndani ya mashimo ya herufi na namba zitajitokeza. Njia hii imenisaidia kwenye mota ambazo nilikuwa nimeshakata tamaa nazo.

Tuchukue mota ya mkanda ule ule wa korona. Kibati chake kinasema kilowati 5.5, volti 400 kwa delta na 690 kwa sta, ampea 11.0 kwa delta na 6.4 kwa sta, hezi 50, mizunguko 1450 kwa dakika, na kosini fai 0.82. Kwa kuwa draivu yetu inatoa volti 400, mota hii lazima iunganishwe delta, na namba ya ampea ya kuingiza ni 11.0. Mota ndogo zenye kibati cha volti 230 kwa delta na 400 kwa sta zinakwenda kinyume chake: kwa draivu ya volti 400 zinaunganishwa sta. Nimekuta mota iliyofungwa sta ilhali kibati chake ni 400 kwa 690, ikizunguka vizuri bila mzigo, na ikikosa nguvu kila majani yalipowekwa juu ya mkanda. Watu walikuwa wameshabadilisha parameta nyingi kabla ya mtu kufungua kikopo cha terminali.

Iangalie pia hiyo 1450. Mota ya poli nne kwenye hezi 50 ina uga wa sumaku unaozunguka mara 1500 kwa dakika, lakini mhimili hubaki nyuma kidogo chini ya mzigo, na kubaki nyuma huko ndiko kunakoleta nguvu ya kuzungusha. Tofauti ya mizunguko 50 kati ya 1500 na 1450 ndiyo draivu inayoitumia kukadiria mzigo. Anayeandika 1500 kwa kudhani anarekebisha kosa la kibati anaiambia draivu kwamba mota haibaki nyuma kabisa, na hesabu zote za udhibiti wa vekta (njia ambayo draivu huikadiria hali ya mota kwa hesabu) zinapotoka.

Ikiwa mota imewahi kusukwa upya, kibati kinaweza kuwa kinaeleza mota isiyokuwapo tena. Muulize aliyeisuka, na kama hapatikani, anza na namba za kibati kisha ulinganishe ampea ikiwa kwenye kazi.

Hatua ya tatu: soma draivu kabla ya kubadilisha chochote

Ikiwa draivu iliyopo bado inawaka, hata kama inatripu, yaani inajizima kwa hitilafu, isome yote kwanza. Kaa mbele yake na daftari. Kwa ndugu zetu wanaoanza kazi, naona ni vizuri kufafanua kwamba parameta ziko za namna mbili. Ziko zile unazoziandika wewe, na ziko zile ambazo draivu inakuandikia, yaani vipimo kama ampea, volti na hezi za wakati huo. Siemens wamezitofautisha kwa herufi: inayoanza na P inaandikika, na inayoanza na r ndogo ni ya kusoma tu. Kwa hiyo kwenye MICROMASTER 440, P0305 ni ampea za mota ulizoziingiza, na r0027 ni ampea zinazopita sasa hivi. Kwenye ACS550 ampea za kibati ziko 9906 na zinazopita ziko 0104. Kwenye FC 302 ni 1-24 na 16-14. Kuchanganya hizi mbili ni kosa la kawaida kwa mwanagenzi, naye huandika daftarini ampea za mota isiyo na mzigo akidhani ni za kibati.

Si lazima uandike parameta mia kadhaa. FC 302 ina sehemu kwenye menyu yake ya haraka inayoonyesha zile tu zilizobadilishwa kutoka kwenye mpangilio wa kiwandani, na hiyo ndiyo orodha ya thamani kuliko zote, kwa kuwa kila mstari wake ni uamuzi wa mtu. Kwenye draivu zisizo na uwezo huo, pitia walau makundi haya: data za mota, vikomo vya chini na juu vya mwendo, muda wa kupanda na kushuka, chanzo cha amri ya kuwasha, chanzo cha amri ya mwendo, kazi za terminali za kuingiza na kutoa ishara, na mipaka ya ampea. Kwenye MICROMASTER usishangae parameta fulani isipoonekana: P0003 ndiyo inayoamua unaonyeshwa kiasi gani, na ukiipa thamani ya 3 utaona za kitaalamu pia.

Piga picha kwa simu ukitaka, lakini andika kwa mkono pia. Picha inakupa namba, haikuambii sababu. Kando ya kila namba iliyobadilishwa, weka safu ya "kwa nini", na kama hujui, nenda kwa anayeendesha mashine umuulize. Mwendeshaji wa korona hajui parameta 2008 (kikomo cha juu cha hezi kwenye ACS550) ni kitu gani, lakini anajua mkanda ukizidi mwendo fulani nini kinatokea, na hiyo ndiyo habari unayoitafuta.

Hatua ya nne: chukua nakala, ukijua nakala ya namna gani

Draivu nyingi huweza kunakili parameta zake kwenye paneli ya vitufe inayochomoka. Kwenye FC 302 simamisha mota, nenda 0-50, uchague kunakili zote kwenda kwenye paneli. Kwenye ACS550 paneli kubwa ina menyu ya nakala inayofanya kazi hiyo hiyo. Kwenye MICROMASTER 440 paneli ya kawaida haina uwezo huo, ila ile kubwa ya aina ya AOP huweza kutunza seti 10.

Uangalifu unahitajika wakati wa kurudisha. Kurudisha seti nzima kunabeba pia data za mota na ukubwa wa draivu, kwa hiyo ni halali tu pale draivu mpya inapofanana na ya zamani na mota ni ile ile. Ukiwa umefunga draivu ya ukubwa tofauti, FC 302 inakupa chaguo la tatu la kurudisha zile zisizotegemea ukubwa, na ACS550 inakupa chaguo la kurudisha mpangilio wa kazi pekee bila data za mota. Nakala ya paneli moja kuingizwa kwenye draivu ya jirani kwa kuwa zinafanana sura ni jambo la kulikataa kabisa.

Hatua ya tano: ingiza data za mota

Kwenye ACS550 ingiza volti kwenye 9905, ampea 9906, hezi 9907, mizunguko 9908 na kilowati 9909. Kwenye FC 302 kilowati ziko 1-20, volti 1-22, hezi 1-23, ampea 1-24 na mizunguko 1-25. Kwenye MICROMASTER 440 kwanza weka P0010 iwe 1, maana bila hivyo data za mota hazibadiliki, kisha P0304 volti, P0305 ampea, P0307 kilowati, P0310 hezi na P0311 mizunguko. Hakikisha P0100 ni 0, ambayo ndiyo ya kilowati na hezi 50 kama umeme wetu.

Kuna mitego miwili hapa ambayo imewagharimu watu siku nzima za kazi. Wa kwanza ni P3900 ya MICROMASTER, inayofunga zoezi la kuingiza data. Ukiipa thamani ya 1, draivu inahifadhi yale tu uliyoyaingiza katika zoezi hilo na kuyarudisha mengine yote kiwandani, pamoja na kazi za terminali. Ukiipa 3, inafanya hesabu za mota tu na kuyaacha mengine yalivyo. Kwenye mashine iliyokwisha kupangwa, 3 ndiyo unayoitaka. Mtego wa pili ni 9902 ya ACS550, inayochagua makro, yaani mpangilio ulioandaliwa tayari kwa aina ya kazi. Kubadilisha makro hurudisha karibu parameta zote kwenye thamani za makro hiyo, isipokuwa kundi la 99, kufuli ya parameta, na makundi ya mawasiliano. Kwa hiyo makro huchaguliwa mwanzo kabisa, na baada ya hapo haichezewi.

Hatua ya sita: iache draivu iipime mota

Baada ya kuijulisha namba za kibati, draivu za udhibiti wa vekta huweza kuipima mota yenyewe ili kujua ukinzani wa koili zake na mengineyo ambayo kibati hakisemi. Fahamu mapema kama upimaji huo unaizungusha mota au hauizungushi. FC 302, kupitia 1-29, huipima mota ikiwa imesimama. MICROMASTER 440, kupitia P1910, vivyo hivyo. ACS550, ukiomba upimaji kamili kwenye 9910, huizungusha mota kwa kati ya asilimia 50 na 80 ya mwendo wake, na kwa sababu hiyo mota lazima itenganishwe na mashine. Hakikisha mtu hayupo karibu na mkanda, na mweleze mwendeshaji kwa maneno, usitegemee kwamba ameona. Upimaji ufanyike mota ikiwa ya baridi.

Ikiwa draivu moja inaendesha mota mbili au tatu kwa pamoja, udhibiti wa vekta haufai, kwa sababu hakuna mota moja ya kupimwa. Chagua udhibiti wa skala (wa uwiano wa volti na hezi tu), ambao kwenye ACS550 ni 9904 ikiwa 3. Tena hapo kikomo cha mwendo kinahama: kwenye skala kinasomwa kutoka 2008 kwa hezi, na kwenye vekta kinasomwa kutoka 2002 kwa mizunguko. Nimeona fundi akipandisha na kushusha 2008 nusu saa nzima bila mkanda kubadilika, kwa kuwa draivu ilikuwa ikisoma 2002.

Hatua ya saba: vikomo na muda wa kupanda na kushuka

Kikomo cha juu cha mkanda wetu ni hezi 38. Andika kwenye parameta ya kikomo, usikiandike kwenye amri ya mwendo pekee, kwa sababu amri hubadilishwa na yeyote anayezungusha kitasa, na kikomo hakibadilishwi ila kwa kukusudia. Kikomo cha chini nacho kina maana yake. Mota ya kawaida hupozwa na feni iliyo kwenye mhimili wake, hivyo ikizungushwa kwa hezi 10 au 15 kwa muda mrefu chini ya mzigo kamili, feni hiyo haitoi upepo wa kutosha na koili huchemka hata kama ampea hazijazidi.

Muda wa kupanda na kushuka una jambo ambalo vitabu hulitaja kwa mstari mmoja na mafundi hulipita. Kwenye ACS550 muda huo, 2202 na 2203, huhesabiwa kutoka sifuri hadi kikomo cha juu. Kwenye MICROMASTER 440, P1120 na P1121, ni hivyo hivyo, hadi P1082. Lakini kwenye FC 302, 3-41 na 3-42 huhesabiwa kutoka sifuri hadi mwendo kamili wa uga wa mota, yaani ule wa hezi 50 kwenye mota yetu. Ukiweka sekunde 10 kwenye draivu zote tatu na kikomo cha hezi 38, mbili za mwanzo zitafika 38 kwa sekunde 10, na ya tatu itafika kwa sekunde 7.6. Kwenye feni tofauti hiyo haina uzito. Kwenye mkanda uliojaa majani mabichi ni tofauti kati ya kuondoka taratibu na kumwaga mzigo.

Kushuka kuna hatari yake. Mashine yenye ngoma nzito, kama ile ya kusugulia singa, ukiiamuru isimame haraka inaigeuza mota kuwa jenereta, na umeme wake unarudi kwenye kapasita. Volti za kati zinapanda kutoka 540 kwenda juu, na zikivuka 800 na ushee draivu inatripu ili ijiokoe. Kwenye kiwanda kimoja mashine ya namna hiyo ilikuwa ikitripu kila siku saa sita mchana, na wafanyakazi walishaamini kuwa inachoshwa na joto. Muda wa kushuka ulikuwa sekunde 3, na saa sita ndio wakati wa mapumziko, ambapo mashine husimamishwa. Tuliongeza hadi sekunde 25 na kutripu kukaisha. Ila nisisitize hili kwa nguvu: ngoma inayochukua sekunde 25 kusimama inaendelea kuzunguka wakati mtu ameshabonyeza kitufe na anadhani imesimama. Tuliwaita wafanyakazi wote wa zamu, tukawaonyesha, na hatukuruhusu kifuniko kifunguliwe kabla ngoma haijatulia. Pale ambapo kusimama haraka ni lazima, dawa yake ni rezista ya breki, inayougeuza umeme huo kuwa joto, iliyopimwa sawasawa na draivu.

Hatua ya nane: hakikisha namba zimehifadhiwa

Draivu ina kumbukumbu mbili. Iko ile ya muda, inayofutika umeme ukikatika, na ile ya kudumu. Unachoingiza kwa vitufe vya paneli kwa kawaida huenda moja kwa moja kwenye ya kudumu. Kinachotumwa na PLC (kompyuta ndogo inayoongoza mashine) kupitia waya wa mawasiliano huenda ikawa hapana. Kwenye ACS550 parameta zilizobadilishwa kwa njia hiyo hazihifadhiwi mpaka uombe kupitia 1607. Kwenye MICROMASTER 440 P0014 huamua zinaandikwa wapi, na P0971 ikipewa 1 hunakili kutoka ya muda kwenda ya kudumu. Mashine inayofanya kazi vizuri wiki nzima na kubadilika tabia kila umeme unapokatika, anza kuishuku hapa.

Wengine, baada ya kuumia mara moja, huamua kila kitu kiandikwe kwenye kumbukumbu ya kudumu. Hiyo nayo ina ukomo. Kwenye MICROMASTER 440 kumbukumbu hiyo huvumilia kuandikwa takribani mara 100,000. PLC iliyopangwa kutuma namba ya mwendo kila sekunde huandika mara 86,400 kwa siku, maana yake kumbukumbu inakwisha katika muda wa saa 28 hivi. Amri za mwendo zinazobadilika kila mara ziende kwenye kumbukumbu ya muda, na mipangilio ya kudumu ndiyo iandikwe kwenye ya kudumu.

Jaribu kwa vitendo. Zima breka, subiri kioo kizimike kabisa, washa tena, kisha soma parameta kumi muhimu na uzilinganishe na daftari.

Hatua ya tisa: jaribio

Washa kwa hezi 5 na uangalie upande wa mzunguko. Panda taratibu, ukisoma ampea kutoka kwenye draivu yenyewe, maana klampu mita ya kawaida hudanganyika na umeme uliokatwakatwa. Mota ya ampea 11 ikisoma 8 au 9 na mkanda umejaa, uko salama. Ikisoma 11 na zaidi wakati mkanda ni mtupu, rudi kwenye kikopo cha terminali au kwenye bearingi kabla ya kugusa parameta yoyote.

Hatua ya kumi: kumbukumbu ya hitilafu

Draivu inapotripu, kidole cha kwanza huenda kwenye kitufe cha kufuta. Kizuie kidole hicho. Kwenye ACS550, 0401 ina hitilafu ya mwisho, na 0412 na 0413 zina mbili zilizotangulia. Kuanzia 0404 hadi 0407 utakuta mwendo, hezi, volti za kati na ampea za wakati ule ule wa kutripu. Kwenye MICROMASTER 440 soma r0947, na kwenye FC 302 kuna kitufe maalumu cha kumbukumbu hiyo, au 15-30.

Zisome pamoja. Hitilafu ya volti kuzidi, yaani 2 kwenye ACS550 na F0002 kwenye MICROMASTER, ikiambatana na hezi zinazoshuka, inakupeleka kwenye muda wa kushuka. Hitilafu hiyo hiyo ikitokea mashine inakwenda kwa mwendo wa kawaida, shuku umeme unaoingia. Ampea kuzidi, yaani 1 na F0001, kwenye hezi 4 au 5 kunaashiria kitu kilichokwama au muda mfupi wa kupanda. Volti kupungua, 6 na F0003, kwa kawaida ni umeme kukatika au fezi moja kupotea.

Joto la draivu ni somo la peke yake kwetu. ACS550 imepimwa kwa joto la nyuzi 40, na kila nyuzi moja juu ya hapo, hadi 50, inapunguza asilimia moja ya ampea zake. Paneli ya bati iliyofungwa karibu na ukuta wa magharibi, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, hupita nyuzi 40 bila shida. Ongeza vumbi la singa, ambalo ni jepesi, lina mafuta kidogo, na hushikamana kwenye mapezi ya kupozea hadi likawa kama blanketi. Usipandishe kikomo cha joto wala kupuuza tahadhari yake. Zima, subiri kapasita zitulie, toa feni, vuta vumbi kwa mashine ya kufyonza badala ya kulipuliza ndani zaidi kwa kompresa, na uangalie kama masafa ya kukatakata umeme hayajapandishwa na mtu aliyekerwa na mlio wa mota, kwa sababu yakipanda draivu huchemka zaidi.

Hatua ya mwisho: kufuli na daftari

Funga parameta. Kwenye ACS550 weka 1602 iwe 0, na kwenye FC 302 weka neno la siri kupitia 0-60. Msimbo wa kufungulia ACS550, 358, umechapishwa kwenye kitabu chake, kwa hiyo kufuli hii inamzuia anayegusa kwa bahati mbaya, haimzuii aliyekusudia.

Daftari liwe na ukurasa mmoja kwa kila draivu: jina la mashine, aina na namba ya draivu, data za kibati, parameta zilizobadilishwa, thamani ya zamani, thamani mpya, tarehe, sababu, na jina la aliyebadilisha. Nakala moja ikae ofisini. Nyingine iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ibandikwe upande wa ndani wa mlango wa paneli, juu, mbali na sakafu inayooshwa kwa maji. Kwenye ukurasa wa mkanda wa korona, mbele ya kikomo cha hezi 38, sasa kumeandikwa: "Zaidi ya hapa majani yanazidi visu. Muulize mwendeshaji kabla ya kupandisha. Visu vikibadilishwa, pima upya."